Karatasi tatu za kutafuta kabla hujapanda basi la Mbeya

Swali: "Shikamoo daktari. Nina miaka 29, naishi Makambako, ni karani kwenye kampuni ya mbao. Tangu kidato cha tatu hedhi zangu ni za kulala chini, na siku hizi hata kwenda choo kubwa siku hizo ni mateso. Mwaka 2019 nikiwa chuo Mbeya nilipasuliwa hospitali moja ya binafsi, wakasema wametoa uvimbe kwenye mfuko wa mayai uliokuwa na maji kama chokoleti. Sikuondoka na karatasi yoyote. Tangu hapo nimetibiwa PID, yaani maambukizi ya viungo vya uzazi, mara nne, UTI hata sihesabu, na bibi anasema ni chango. Juzi tabibu mmoja kijana akaniambia huenda ni endometriosisi, nitafute bingwa. Nikapiga simu kule nilikopasuliwa, wakanijibu faili ni mali ya hospitali. Nifanyeje? Rufaa naipataje? Na mchumba wangu anauliza kama nitazaa."

Marahaba, mdogo wangu. Kamwene.

Nianze na hilo la simu, maana ndilo lililokukwamisha. Aliyekujibu hakukudanganya, ila alikupa nusu ya jibu. Jalada lenyewe na makaratasi yaliyomo hubaki hospitalini. Taarifa zilizoandikwa humo zinakuhusu wewe, na una haki ya kuzipata. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, inayompa mtu haki hiyo kwa taasisi yoyote inayotunza taarifa zake, ya umma au ya binafsi, na habari za afya imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Kwa hiyo ukirudi kwao usidai faili. Karani wa chumba cha mafaili akisikia hivyo anamwona mtu anayetaka kuondoka na jalada, halafu kesho daktari amdai yeye. Omba nakala, na useme wazi ni nakala ya kitu gani.

Hapo kwenye "kitu gani" ndipo wengi wanapopotea. Nimepokea wagonjwa wenye bahasha nene ya vipimo vya malaria, mkojo, choo na wingi wa damu vya miaka mingi, na karatasi ninayoitafuta haimo. Kwa hali yako nataka tatu tu. Ya kwanza ni taarifa ya upasuaji, ile ambayo daktari huandika akishatoka chumba cha upasuaji: alikuta nini, upande gani, ametoa nini, ameacha nini, kama utumbo ulikuwa umegandana na kizazi au la. Ya pili ni majibu ya patholojia, kama uvimbe uliotolewa ulipelekwa kupimwa. Ya tatu ni muhtasari wa siku uliyopewa ruhusa wodini. Vingine ukivipata ni sawa, ukivikosa usipoteze usingizi.

Nieleze kwa nini ninang'ang'ania hizo. Endometriosisi ni tishu inayofanana na ile ya ukuta wa ndani wa kizazi, ila imeota nje yake: kwenye mifuko ya mayai, nyuma ya kizazi, juu ya kibofu, kwenye utumbo. Inafuata homoni za mwezi, inatia mchochota, na baada ya muda huacha makovu yanayonatisha viungo. Ikikaa kwenye mfuko wa mayai, damu hujikusanya mwezi baada ya mwezi hadi ikawa nzito, ya kahawia iliyokolea. Ndiyo chokoleti uliyoambiwa. Kwangu mimi maneno hayo matatu, maji kama chokoleti, yana uzito kuliko hizo PID nne ukizijumlisha. Lakini hayatoshi peke yake, kwa sababu uvimbe wa kawaida wa mfuko wa mayai ukivujia damu ndani unaweza kuonekana hivyo hivyo kwa macho. Patholojia ndiyo inayotenganisha. Na aliyekufungua tumbo 2019 alikwisha kuona kwa macho yake kile ambacho bingwa wa Mbeya atakuwa anakikisia kwa mashine. Ni hasara kuanza upya kana kwamba hajaona.

Huenda umepigwa ultrasaundi ukaambiwa "kila kitu kawaida". Ultrasaundi huuona uvimbe wa chokoleti vizuri. Huweza pia kuona ugonjwa uliozama ndani, ikifanywa kwa njia ya uke na mtu aliyezoea kuutafuta. Madoa madogo yaliyotandaa juu juu haiyaoni. Kwa hiyo majibu ya kawaida hayafuti ugonjwa, na mtu asikurudishe nyumbani kwa karatasi hiyo. Kuna pia wanaopimisha damu kipimo kiitwacho CA-125 kwa hela nyingi kutafuta jibu; hicho si kipimo cha kuthibitisha wala kukanusha endometriosisi. Hela hiyo weka nauli.

Sasa namna ya kuzipata. Usipige simu tena. Simu inapokelewa na yeyote aliye karibu, na jibu rahisi ni hapana. Andika barua kwa Mganga Mfawidhi, fupi, namna hii:

"Mimi (majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho), nilizaliwa (tarehe). Mwaka 2019, kati ya mwezi fulani na fulani, nilifanyiwa upasuaji wa uvimbe wa mfuko wa mayai katika hospitali yako nikiwa mwanafunzi. Wakati huo nilisajiliwa kwa jina la (jina). Naomba nakala ya taarifa ya upasuaji, majibu ya patholojia na muhtasari wa ruhusa, kwa ajili ya rufaa kwa daktari bingwa. Nimeambatisha nakala ya kitambulisho. Niko tayari kulipia gharama za fotokopi. Simu yangu ni hii."

Toa nakala mbili, moja wagongee muhuri wa kupokea na tarehe, ubaki nayo. Kama huwezi kusafiri, anayekwenda kwa niaba yako abebe barua ya idhini yenye saini yako na nakala ya kitambulisho chako pamoja na chake. Chagua wa kumtuma. Humo kuna habari za kizazi chako, na si kila shangazi anajua kufunga bahasha na mdomo.

Kuhusu jina, usilipite haraka. Mafaili mengi "yanayopotea" hayajapotea, yamelala chini ya jina lingine. Ulikuwa mwanafunzi, pengine uliandikishwa kwa kadi ya bima ya chuo yenye majina mawili, au mpokeaji alisikia Mwakalinga akaandika Mwakalindi. Wape kila umbo la jina lako ulilowahi kutumia, na namba ya bima ya wakati ule kama unayo.

Wakikuambia faili halionekani kabisa, uliza rejista ya chumba cha upasuaji. Ni daftari kubwa lenye tarehe, jina, umri, aina ya upasuaji na jina la daktari, na huwa halitembeitembei kama mafaili. Mstari mmoja tu wa mle, ukinakiliwa na kugongwa muhuri, unamwambia bingwa mambo mengi. Ukishajua tarehe, uliza kipande kilipelekwa maabara gani. Hospitali nyingi ndogo hazina mtaalamu wa patholojia. Hupeleka sampuli kwenye hospitali kubwa, na huko nako kuna rejista yao. Mara kadhaa hospitali iliyopasua haina kitu, maabara iliyopima ina majibu kamili ambayo hakuna aliyewahi kwenda kuyachukua.

Wakikukatalia kabisa, panda ngazi kwa utaratibu: ofisi ya malalamiko ya hospitali hiyo, kisha Mganga Mkuu wa Wilaya au Mkoa, na mwisho Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mara nyingi haifiki huko. Barua yenye muhuri wa kupokea inatosha kumfanya mtu anyanyuke kwenye kiti.

Wakati unasubiri, kuna kumbukumbu nyingine ambayo hakuna hospitali inayoitunza ila wewe. Hukuniambia, lakini kwa maumivu ya kulala chini nina hakika umeshachukua ED, ile ruhusa ya daktari ya kutokwenda kazini, zaidi ya mara moja. Zitafute hizo karatasi zote, au mwombe mhasibu akutolee tarehe ulizokosa kazi mwaka huu. Zipange, kisha weka pembeni tarehe za hedhi. Zikikaa pamoja mwezi baada ya mwezi, una ushahidi ambao hata daktari mwenye haraka ataelewa, kwa kuwa UTI haina kalenda. Kuanzia mwezi huu andika kwenye daftari dogo kila siku ya maumivu. Usiandike "tumbo lilinisumbua". Andika hivi: "Siku ya 1 ya hedhi. Maumivu 8 kati ya 10, chini kushoto na mgongoni. Diklofenaki mbili, yakashuka hadi 5. Kwenda choo kubwa kama kuchomwa kisu. Sikwenda kazini." Mistari michache tu. Andika pia maumivu wakati wa tendo la ndoa kama yapo, na kama ni ya ndani kabisa au ya mlangoni. Najua ni aibu kulisema mbele ya daktari mwanaume na manesi wawili; ndiyo faida ya daftari, unamnyooshea asome mwenyewe. Mizunguko miwili au mitatu inatosha kwenda nayo, huna haja ya kusubiri mwaka.

Karatasi za ultrasaundi ulizonazo zipige picha leo. Zile picha nyeusi zinazotoka kwenye mashine huchapwa kwa joto, na zikikaa kwenye mkoba hufifia mpaka zikawa tupu.

Twende kwenye rufaa. Kwa mtu wa Makambako njia ya kawaida ni hospitali unayotibiwa hapo, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Njombe, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, inayohudumia mikoa saba ya huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Kesi ngumu za utumbo au kibofu zinaweza kusogezwa hadi Muhimbili. Wengi wa Njombe hukimbilia Ikonda kule Makete, na sina neno baya nao. Kama unatumia bima, usiruke ngazi bila fomu ya rufaa, maana unaweza kufika dirishani Mbeya ukaambiwa ulipie mfukoni. CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya mfuko wa afya ya jamii, ilipangwa iishie ngazi ya mkoa, kwa hiyo kama ndiyo uliyonayo, uliza kabla. Aliyeishiwa kabisa aanzie ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, asijifiche.

Kabla ya kusafiri piga simu uulize mambo mawili: kliniki ya magonjwa ya wanawake ni siku gani na iko jengo lipi (hospitali ya kanda ina kitengo cha wazazi cha Meta, ambacho hakiko na hospitali kuu, na wapo wanaoshuka bodaboda upande usio wao), na kama upasuaji wa matundu madogo, ule wa kamera bila kufungua tumbo, unafanyika pale kwa sasa. Hilo la pili usilione dogo. Ugonjwa huu ukihitaji kupasuliwa, ni bora upasuliwe na mtu anayeujua, kwa matundu, mara moja na vizuri, kuliko kufunguliwa tumbo mara tatu kutoa uvimbe mmoja mmoja. Kila upasuaji wa mfuko wa mayai hupunguza akiba ya mayai, na wewe umeshafanyiwa mmoja.

Tangu 2024 kuna pia madaktari bingwa wa Rais Samia wanaozungukia hospitali za halmashauri, na bingwa wa wanawake huwa yumo kwenye msafara. Wakitangazwa kwenu, nenda na daftari lako. Hawatakumalizia tatizo kwa siku tano wanazokaa, lakini barua ya rufaa iliyosainiwa na bingwa hufungua mlango haraka.

Barua yenyewe ndiyo nataka uisimamie. Rufaa nyingi ninazopokea zimeandikwa maneno matano: "maumivu ya tumbo, kwa uchunguzi". Hiyo inanirudisha mwanzo, na wewe inakurudisha kwenye foleni ya PID. Rudi kwa yule tabibu kijana aliyekusikiliza. Usiende kwa mwingine kwa sababu tu ana cheo kikubwa. Mwambie kwa heshima: "Daktari, nimekuja na kumbukumbu zangu, naomba unisaidie kuandika rufaa." Ataandika kwa Kiingereza kama ilivyo desturi, lakini kiini kiwe hiki: mwanamke wa miaka 29, hajazaa, maumivu makali ya hedhi tangu ujana, sasa na maumivu ya haja kubwa wakati wa hedhi, 2019 alitolewa uvimbe wa mfuko wa mayai wenye damu nzito, ametibiwa PID mara nne bila nafuu ya kudumu, ultrasaundi ya mwisho ilionyesha hivi, anashukiwa endometriosisi, tunaomba tathmini ya bingwa na mpango wa matibabu. Kama kuna kipimo cha PID kilichowahi kuonyesha mdudu, kiandikwe. Kama hakipo, hilo nalo liandikwe.

Sisemi PID haipo. Ipo, na ni mbaya isipotibiwa. Kifua kikuu cha nyonga pia kipo kwetu, na kinaweza kuiga haya yote, hivyo bingwa akikuuliza kama kuna mtu nyumbani aliyewahi kukohoa muda mrefu, usidhani ametoka kwenye mada. Ninachokataa ni kumpa mtu dozi ya tano ya antibayotiki kwa maumivu yanayokuja na hedhi na kuondoka nayo. Wala baridi ya Njombe haihusiki, ingawa bibi atakuvalisha soksi Juni nzima, na uvae tu kwa ajili ya baridi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unawapata takriban asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, kama milioni 190 duniani. Siyo kitu kigeni, wala hujarogwa. Hizo dawa za kusafisha kizazi zinazouzwa kwenye chupa za maji stendi, ziache.

Huna sababu ya kuumia mpaka siku ya bingwa. Miongozo ya sasa haidai kwamba lazima upasuliwe kwanza ndipo dawa ianze. Daktari akishuku kwa sababu za msingi anaweza kuanza kukutibu. Dawa ya maumivu kama ibuprofeni au diklofenaki hufanya kazi vizuri ikianza maumivu yanaponyemelea, baada ya chakula, na si kwa mwenye vidonda vya tumbo au matatizo ya figo. Juu yake kuna dawa za homoni zinazotuliza ugonjwa: vidonge vya uzazi wa mpango, vidonge vya projesteroni pekee, sindano, kipandikizi, au kitanzi chenye homoni. Nyingi zipo kliniki ya uzazi wa mpango pale pale kwenu. Zinatuliza, haziuondoi, na wengi maumivu hurudi wakiacha. Usijianzishie: mwenye presha au kipandauso cha kuona vimulimuli hapewi vidonge vya homoni mbili, na sindano huchelewesha kurudi kwa uwezo wa kushika mimba kwa miezi kadhaa, jambo linalokuhusu wewe na mchumba wako. Swali la kwanza la bingwa litakuwa kama mnataka mtoto sasa au baadaye. Nendeni mkiwa mmeshaliongea, kwa kuwa dawa zote hizo za homoni huzuia mimba kwa muda unaozitumia.

Rufaa haisubiriwi kwa jambo hili: maumivu ya ghafla ya upande mmoja yasiyo ya kawaida yako, kuzimia, kutapika mfululizo, homa, au maumivu pamoja na hedhi iliyochelewa. Hapo ni dharura, nenda hospitali iliyo karibu usiku huo huo. Inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, au mfuko wa mayai uliojisokota.

Ukishaonwa Mbeya, usiondoke mikono mitupu kama 2019. Omba majibu ya rufaa kwa maandishi yarudi kwa tabibu wako, na kama umepasuliwa, omba nakala ya taarifa ya upasuaji kabla hujatoka wodini, wakati daktari bado anakukumbuka.

Kuhusu kuzaa: wanawake wengi wenye endometriosisi hushika mimba, wengine bila msaada wowote, wengine kwa kuchelewa, wengine kwa kusaidiwa. Siwezi kukuambia wewe uko kundi gani kabla ya kuona karatasi ile ya 2019 na hali ya mifuko yako ya mayai leo. Anayekuambia uzae upesi ndipo utapona anakupotosha. Maumivu hupungua kwa baadhi wakiwa na mimba, kisha hurudi. Anayekushauri kutoa kizazi katika umri huu usimfuate bila kusikia bingwa wa pili, kwa sababu ugonjwa wenyewe uko nje ya kizazi na unaweza kubaki. Mkiwa mmejaribu kwa miezi sita bila mafanikio, msisubiri mwaka uishe kama wengine, mwambieni bingwa. Na mchumba wako asikae kuuliza tu. Siku mtakayokwenda, naye akapime mbegu.